Fundi Vuta

Baba yangu ni fundi umeme, na mtaani wanamwita Vuta. Dukani hanunui konekta ya kuungia nyaya kwa maneno ya muuzaji. Huchomeka kipande cha waya alichokwenda nacho, hukaza skrubu, kisha huvuta kwa nguvu. Waya ukichomoka, konekta inarudi rafuni, muuzaji anune asinune. "Kiungo kikilegea kinaunguza nyumba," husema.

Hata mlango wetu, akishaufunga kwa ufunguo, lazima auvute. Marehemu mama alikuwa akimcheka kutoka jikoni: "Baba watoto, hebu njoo univute na mimi, uone kama nimelegea."

Siku hizi anafunga, anavuta, halafu anabaki ameshika kitasa, uso kauelekeza jikoni. Jikoni nipo mimi, na utani ule si wangu.