Ardelle na Akaunti ya Mdogo Wake

Ardelle Vandehey ni mtu mwema. Yeyote aliyesimama naye kwenye meza ya kufunga jibini atakwambia hivyo, ila usimtajie mdogo wake. Ukimtaja Coralie tu, uso unamkunjamana kama amelamba ndimu, na siku nzima inaharibika. Mimi nafunga jibini upande wa pili wa meza yao, kwa hiyo ugomvi wao nimeusikia miaka yote, nitake nisitake.

Coralie alizaliwa na bahati, ndivyo Ardelle anavyosema. Alipata nywele nzuri, alipata chumba chenye dirisha, alipata mume asiyeumwa. Hata meno! Ardelle ana Norbert, aliyekamua ng'ombe tangu utotoni mpaka nyonga ikasagika, na haupiti mwezi bila daktari. Ndiyo maana Ardelle aliing'ang'ania bima ya zamani, ile inayokata mshahara kila wiki mbili mpaka ukiangalia kilichobaki unaona aibu.

Coralie yeye alichukua bima ya pili. Makato yake ni madogo, lakini ukiumwa, dola elfu tatu na mia mbili za kwanza unalipa wewe mwenyewe. Bima haitoi senti mpaka uzimalize, na kila Januari hesabu inaanza upya. Ili kukupoza, kampuni inakufungulia akaunti ya akiba ya matibabu na kukutilia humo dola elfu moja kila mwaka. Usipoumwa, hela haipotei, inabaki yako. Na Coralie haumwi. Miaka mitatu hakuigusa, na yeye mwenyewe akiongezea kidogo, na saa ya mapumziko alikuwa anatoa simu kutuonyesha salio. Elfu nne na ushee, anasema, na sijapiga hata chafya.

Ardelle alikuwa anakuja kunimwagia ya moyoni kule chooni. Kampuni ile ile, mikono ile ile, mwenzake anajaziwa na yeye anakatwa. Ng'ombe wa maskini hazai, alisema. Nilimwambia huo ni wivu. Akasema si wivu, ni haki. Haya.

Ikafika Novemba, wiki ya kuchagua bima ya mwaka unaofuata. Bi Thielen wa ofisini alituita kantini akaeleza polepole, kama anaongea na watoto, kwamba mwenye mgonjwa nyumbani apige hesabu zake vizuri, maana hela ya kampuni haiji yote kwa mpigo, inaingia kidogo kidogo mwaka mzima. Nyonga ya Norbert ilikuwa imepangiwa kubadilishwa Februari. Kila mtu pale alilijua hilo. Lakini Ardelle hakumsikiliza Bi Thielen. Alikuwa anamkodolea macho Coralie, anayejichokoa kucha kwa raha zake.

Ijumaa, kama kawaida, tulikwenda kula samaki wa kukaanga kwenye baa ya Schroven: mimi, Norbert na hao ndugu wawili. Ilikuwa ndiyo siku ya mwisho ya kuchagua. Ardelle alingoja sahani zifike, ndipo akatangaza kwamba anahamia bima ya Coralie. Norbert alisimamisha uma hewani akauliza habari ya nyonga yake. Akajibiwa kwamba nyonga italipwa na hela za bure, kama wanavyolipiwa watu wengine.

Coralie akaacha kula. "Dada, usihamie."

"Nilijua tu," Ardelle akasema. "Tangu tuko wadogo hutaki nipate unachopata wewe."

Coralie akasema bima ile si ya mtu mwenye mgonjwa. Ardelle akacheka, akamuuliza yeye anajua nini kuhusu ugonjwa. Basi mwenzake akayasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza habari za theluji. Walikuwa wamemkuta na uvimbe kwenye titi la kushoto. Picha ya kwanza ilikuwa ya bure, na cha bure kiliishia hapo. Daktari alitaka kukata kipande cha kupima wiki inayokuja, na kikionekana kibaya ampasue haraka. Yeye alikuwa amemwambia daktari angoje Januari. Akianza sasa, atalipa elfu tatu na mia mbili za mwaka huu, kisha tiba ikivuka mwaka atalipa tena zile zile. Akingoja, analipa mara moja, na akaunti inatosha.

Na mimi na Norbert, Mungu atusamehe, tulitikisa vichwa kukubali. Hesabu ilikuwa sawa kabisa. Hapa kwetu watu wanaahirisha magoti, wanaahirisha macho, wanaahirisha hata matumbo, mpaka mwaka ugeuke, na hakuna anayeshangaa.

Ardelle hakutikisa kichwa. Alikuwa amekwajuka.

"Sikiliza, kichwa maji," akasema. "Maisha yangu yote nimekuonea wivu. Nywele, chumba, mume, na hiyo akaunti yako. Ndiyo kazi ninayoijua. Usiniletee leo mambo ya kukuonea huruma, sitaweza. Jumatatu unakwenda, na nakupeleka mimi."

Coralie akanong'ona kwamba akaunti itaisha.

"Iishe. Nitafurahi."

Jumatatu alimpeleka kweli, akaikosa zamu nzima. Kipande kilikuwa kibaya, lakini bado kidogo, hakijatambaa. Walimpasua kabla ya Krismasi. Januari akaanza kupigwa mionzi, na hesabu ikaanza upya vile vile alivyoogopa. Akaunti ikakauka, na sasa analipa kliniki kidogo kidogo kila mwezi. Ardelle alibaki na bima yake ya zamani, na nyonga ya Norbert ikabadilishwa Februari bila ya kuwafilisi. Kwa mara ya kwanza maishani, Ardelle alikuwa mbele ya mdogo wake.

Machi tukafanya bahati nasibu ya nyama, unanunua tiketi na ukibahatika unaondoka na nyama, pale pale kwa Schroven kumchangia Coralie. Mji mzima ulikuja. Ardelle aliuza tiketi tangu mwanzo mpaka mwisho, na uso ameukunja. Nikamuuliza kulikoni.

"Huoni?" akaninong'oneza. "Baa nzima imejaa kwa ajili yake. Friji yake imejaa bakuli za vyakula walivyoleta watu mpaka anazigawa. Norbert alipobadilishwa nyonga, nani alituletea hata soseji moja?"

Nikamwambia, Ardelle, mwogope Mungu, mdogo wako anaumwa. Acha wivu japo kwa leo.

Alimtazama Coralie kule mezani, amekonda, shingo imebaki mifupa, anacheka na watu. Akayafuta macho kwa kiganja, kwa hasira.

"Siachi," akasema. "Siku utakayoniona nimeacha, ujue tumemzika."