Barabara Niliyoipima Nikiwa Nyuma ya Bodaboda

Hii nawaambia nyinyi tu, na isifike kwa wasichana wa Form Three, maana aibu niliyopewa na wachuma chai inanitosha mwaka mzima.

Kuna kikundi cha waendesha baiskeli hapa Majengo, kiongozi wao ni Fundi Kamau anayetengeneza baiskeli, na likizo zikifika hufunga mahema na sufuria kwenye baiskeli zao za njia za changarawe (zile za usukani uliojikunja kama pembe za kondoo, tairi si nene wala si nyembamba) na kwenda kulala milimani. Safari hii walitaka njia ya msituni juu ya Kiriaini, nami, mwanachama wao mdogo, nikatumwa kwanza nikaangalie kama baiskeli hizo zitaiweza. Sasa, ng'ambo ya msitu huo ndiko mama yangu anakofundisha. Alihamishiwa huko Januari, mimi nikaachwa kwa shangazi nimalize shule, na tangu hapo namwona kwa simu tu, uso ukikwama kila mtandao ukizubaa. Kwa hivyo jibu nilikuwa nalo kabla sijatoka nyumbani.

Badala ya baiskeli nikapanda bodaboda (jua lilikuwa kali, na mimi pia ni mtoto wa watu), nikafika katikati ya msitu, nikaona udongo mwekundu umekauka kama sakafu ya kanisa, nikageuza.

"Inapitika?" Fundi akauliza.

"Fundi, hapo hata ukisinzia utafika."

Alfajiri ya safari mvua ikanyesha. Ule udongo ukageuka ugali, ukajaa kati ya tairi na fremu mpaka magurudumu yakagoma (pikipiki ina nafasi pale, baiskeli zetu hata kidole hakiingii), unachokora kwa kijiti, unasukuma hatua tano, unachokora tena, mwishowe watu tisa tukazibeba mabegani na mizigo yake yote, tukatokea upande wa pili kwenye mashamba ya chai, wachumaji wakaacha kazi kututazama.

"Ati leo baiskeli ndiyo imepanda mtu!" mama mmoja akapaza sauti. "Tembea pole pole kijana, isichoke!"

Fundi akatua baiskeli yake. "Wewe, hii njia ulipima na nini?"

"Na boda," nikasema nikijaribu kucheka. Nilicheka peke yangu.

"Bonde la mbele ni tope zaidi. Tunashukia barabara ya malori ya chai, turudi. Na wewe hutoki machoni pangu, shangazi yako alinikabidhi."

Na ng'ambo ya bonde hilo nilikuwa naona bati za shule ya mama. Simu ikalia, ni mama.

"Mko wapi? Niko hapa getini na walimu wenzangu, nimewaambia unakuja."

Nikamweleza.

"Naona watu wamebeba vitu kwenye chai. Wewe ni yupi?"

"Wa mwisho, mwenye koti ya manjano."

"Punga mkono nikuone."

Nikapunga, baiskeli ikaniponyoka ikabingirika mpaka mtaroni, wachuma chai wakashangilia, na kwenye simu nikamsikia mama anacheka, halafu hacheki tena.

Siku hizi ukiniuliza kuhusu njia yoyote nitakwambia ngoja inyeshe, niipite kwa baiskeli, ndipo nikujibu. Na kama mwisho wake kuna mtu ninayetamani kumwona, muulize mwingine.