Ng'ombe wa Mahari Wamegeuka Kopo la Soda

Admin, nakutumia sauti maana kuandika sijui. Jina langu lifiche, hasira usiifiche. Mimi mzee wa miaka sitini na nane, niko huku Runzewe. Darasa nalisikia kwa wajukuu tu, ila chuma nakijua. Nikipitisha ukucha kwenye shafti nakwambia imezidi unywele wa mtoto au wa mtu mzima. Mke wangu hucheka, eti ukucha huohuo mbona hauoni ugali umeungua. Muacheni, ananipenda.

Karakana ni yangu na shemeji, mdogo wake mke wangu. Tunachonga shafti, vile vyuma vya mhimili vinavyozungusha makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu. Zamani ilikuwa mashine mbili: leti inakereza, halafu unafungua chuma unakipeleka kwenye nyingine kuchonga mfereji wa kii, kile kichuma kinachoshika puli, gurudumu la mkanda, lisiteleze kwenye shafti. Ukifungua na kufunga tena, senta inahama. Ndiyo tukatafuta mashine moja inayofanya yote bila kukitoa chuma.

Geita tukaonyeshwa mbili. Ya kwanza ilipomaliza shafti, puli iliingia kwa kusukumwa na mkono, ikatulia kama ndama kwa mama yake. Nilitaka kuibusu, wallahi. Bei yake sasa! Ng'ombe wote wa mahari ya binti yangu, na bado uongeze wa kwangu. Ya pili nusu ya bei, imepakwa rangi kama bibi harusi, lakini puli yake inacheza kama jino la bibi yangu.

Shemeji akasema, "Mzee, karasha linaponda mawe. Unywele wa nini?"

"Chukua hiyo, utachonga miiko," nikamjibu.

Mke wangu akamuunga mkono mdogo wake. Wakauza hao ng'ombe wa mahari ya dada yake, ambao kijana wangu alikuwa anawasubiri aoe, tukarudi na bibi harusi.

Juzi kwa mama mmoja mteja wetu puli ikachomoka karasha likiwa linazunguka. Ikatoboa bati, ikatua kwenye kigoda cha mpishi wao. Mpishi ndiyo kwanza kanyanyuka kufuata maji! Mama akaniletea shafti. Nikaigeuza mkononi. Imezungushiwa kipande cha kopo la soda kuziba uwazi kati yake na puli! Soda ileile ya rangi ya chungwa anayokunywa shemeji kila mchana.

Nikamuuliza, "Hii karakana au jalala?"

Hata aibu hana. "Si ilibana? Wenzetu wote wanafanya hivyo. Ukitangaza wateja watahama, halafu kijana wako ataoa kwa mbuzi?"

Mke wangu naye, "Baba Kulwa, meza mate."

Nimeze nini? Tangu siku hiyo nikisikia harufu ya soda natoka nje ya karakana. Mtu anakula, anajifuta mdomo, anarudi kukata makopo. Kinyaa kitupu!

Yule mama kaniambia, "Baba, hao wengine siwajui. Nifungie wewe kwa mkono wako." Kesho asubuhi anakuja. Shafti mpya imetoka mashine ileile, puli inacheza vilevile, na lile kopo ninalo mfukoni. Nikimuonyesha, karakana imekufa na ng'ombe wa mwanangu wamepotea. Nikinyamaza, safari hii mpishi anaweza kuwa amekaa.

Jamani mnaosoma, nisaidieni mzee wenu. Kesho akinipa shikamoo, niitikie marahaba, au nitoe kopo kwanza?