"Taim iz mani" ilivyotukwamisha topeni mwanangu akiwa na uchungu

Wakuu, walionizidi umri shikamooni. Wengine wote marahaba.

Shule niliiacha mapema, kwa hiyo msinisahihishe herufi. Jambo lenyewe nilikuwemo.

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, wanunuzi wa kamba walimiminika kwetu deltani, Kiongoroni, na boti za mashine na masanduku ya barafu. Mmoja, wa kutoka Dar, alikuwa na neno lake: "Taim iz mani." Akatueleza, maana yake muda ni pesa.

Vijana wakalidaka. Ukimwambia mtu kaa ule kwanza, anakujibu taim iz mani. Nililichukia mapema.

Basi mwanangu Zuhura akashikwa na uchungu, mimba ya kwanza, mtoto kakaa vibaya. Mkunga akasema hapa siwezi, hospitali.

Boti iliyokuwepo ni ya yule bwana, inapeleka kamba Nyamisati. Kutoka hapo tungepata gari la Kibiti.

Sasa kwetu mtu hapiti njia ya mikokoni maji yakipwa. Unakaa, unangoja yajae. Nahodha wake, mtu wa hapahapa, akamwambia maji yanapwa, tungoje. Bwana akamjibu:

"Taim iz mani, mzee. Barafu inayeyuka. Mama, unapanda au unabaki?"

Nikapanda. Ningefanyaje?

Hatukufika mbali. Maji yakatukimbia, boti ikalala topeni. Mashine ikarusha matope, ikazima. Bwana akashuka kusukuma, akazama mpaka mapajani, akaanza kupiga mayowe.

"Nyamaza!" nahodha akamwambia. "Mwite huyo taim wako aje asukume."

Tukamvuta ndani. Ndipo tukasikia kiboko akipumua mkondoni, karibu kabisa.

Wakuu, nilimziba Zuhura mdomo kwa upindo wa kanga asilie, akaniuma kidole. Kovu ninalo.

Bwana wa Dar akaninong'oneza, "Mama, sasa tunafanyaje?"

"Tunangoja maji."

Mtoto hakungoja. Alitoka katanguliza miguu, kimya, kalegea. Nikampulizia puani, nikamsugua mgongo, naomba Mungu. Alipolia, boti ilikuwa imeanza kuinuka.

Kamba walioza wote, wakamwagwa.

Ninachowaambia: mtu akikuharakisha, muulize ni pesa za nani na roho ya nani.

Mtoto yule sasa ana genge lake Kibiti. Juzi nampigia, ananiambia, "Bibi, sema haraka, taim iz mani."

Nikamkatia simu. Mimi na Zuhura hatujawahi kumweleza alizaliwa wapi.

Nimwambie, au niache? Semeni.