Chupa Mpya za Dokta

Mimi ndiye niliyeosha chupa za Dokta kwa miaka kumi na minne. Wanaosema alibahatika tu waje kwanza wazungumze na mimi.

Baba yake alikuwa fundi cherehani na alitaka binti arithi mkasi. Binti akashika kemia, akasoma mpaka wajomba wakaanza kuuliza kama ataolewa na hayo madawa yake. Kwenye maabara yetu akapata alichokihangaikia ujana wake wote: dawa ya minyoo iliyoganda ikawa fuwele, punje nyeupe safi kabisa. Siku ile tulirukaruka kama watoto.

Kisha fuwele zikagoma. Miezi mitatu akabadilisha joto, akabadilisha spiriti, wapi! Maji matupu. Mkurugenzi akasema mara ya kwanza ilikuwa bahati. Ijumaa wangekuja wakaguzi. Asipoweza kurudia mbele yao, maabara ingefungwa na yeye apelekwe masijala kupanga mafaili. Roho iliniuma, na yule mzee nilimchukia waziwazi.

Alhamisi Dokta akaniuliza, "Mdogo wangu, hebu nikumbushe. Kabla hazijagoma, wewe ulibadilisha nini?"

"Sabuni ni ileile, Dada. Ila zile chupa kuukuu nilizitupa, nikaleta mpya. Niliona aibu wageni wakute chupa zimejaa mikwaruzo."

Akanitazama. Nikajua nimemwaga unga. Kumbe anacheka, anacheka mpaka ameshika meza.

"Mikwaruzo! Fuwele zinaanzia hapohapo, zinataka pa kushika. Nilifundishwa mwaka wa kwanza, nikasahau!"

Ijumaa wakaguzi watatu walikaa mbele, mkurugenzi pembeni amekunja mikono. Dokta akachukua fimbo ya kioo, akaikwaruza kwa ndani chupa mpya yenye maji ya dawa, kwii, kwii, mpaka mwili ukatusisimka. Tukasubiri. Palepale alipokwaruza ukatokea mstari mweupe, ukasambaa, chupa ikajaa punje.

"Bahati hiyo," mkurugenzi akasema.

Dokta akavuta chupa ya pili. Ya tatu. Ilipofika ya sita wakaguzi walikuwa wameshasimama, na mimi nalia bila haya. Ya saba hakuigusa. Alimpa mkurugenzi fimbo.

"Mzee, kwaruza wewe."

Mzee akakwaruza. Punje zikaota mbele ya macho yake, na mkaguzi mkuu akamsogezea kalamu na karatasi aandike mwenyewe alichokiona.