Waliotutangulia Kulala Chechelesi

Nyumba yetu ya Chechelesi, pembeni mwa mji, ilikuwa imefika kwenye linta, pale juu ya milango na madirisha, fundi alipoondoka. Kuta zilikuwa zimesimama, mbao za paa zimepangwa ndani ya chumba ambacho kingekuwa sebule, na mabati yako chini ya turubai. Kazi iliyobaki haikuwa kubwa.

Asubuhi hiyo nilimkuta amekaa juu ya mawe, simu mkononi, mwiko hajaugusa. Alikuwa Mturkana wa makamo, si mtu wa maneno mengi. Mke wake na watoto waliishi upande wa Kipsing na mbuzi wao.

"Habari, fundi. Kuna nini?"

"Mama, huko nyumbani watu wamepigana. Ni maneno ya maji na majani. Ndugu yangu alinipigia, halafu simu ikakatika. Wacha niende nilete watu wangu."

"Utarudi lini?"

"Nikiwapata."

Akatia vifaa vyake kwenye gunia, akaniachia niviweke, akasimamisha boda boda.

Sisi na watoto wetu wakati huo tulikuwa tumepanga nyumba katikati ya mji. Mwenye nyumba alishatuambia kwamba kijana wake anaoa, kwa hiyo vyumba vyetu angevihitaji mwisho wa mwezi. Alisema kwa upole. Lakini kila aliponitolea salaam aleikum pale kwenye mfereji, nilijua anachotaka kuniuliza.

Mume wangu ni dereva wa lori, anakwenda Moyale na kurudi. Aliporudi safari hiyo alipitia kwenye ploti kabla ya kuja nyumbani, akaingia akiwa amekunja uso.

"Mafundi wamejaa mjini. Naita mwingine."

"Huyu alitujengea kutoka msingi," nilimwambia. "Arudi na shida zake akute tumempokonya kazi?"

"Na asiporudi?"

Mama mkwe, tuliyekuwa tukiishi naye, aliweka kikombe chini. "Usiseme hivyo," alimwambia mwanawe.

Nilipiga simu ya fundi asubuhi na jioni. Haikupatikana. Nikaenda soko la mifugo kuuliza watu waliotoka upande ule. Mmoja aliniambia kumetulia, mwingine akaniambia manyatta za wafugaji zimechomwa na watu wametawanyika. Nilirudi nyumbani sijui nimwamini nani, na kule juu ya milima ya Nyambene mawingu yalikuwa yameshaanza kuwa mazito.

Mvua ikanyesha alasiri moja, kubwa, bila onyo. Mimi na mama mkwe tulikimbia kwenye ploti tukakuta maji yamejaa vyumbani na mbao zinaelea. Tuliziinua juu ya mawe moja baada ya nyingine, nguo zimetuganda mwilini. Upande mmoja wa ukuta wa jikoni ulikuwa umeporomoka. Mume wangu alipouona hakunigombeza. Alisema tu, "Ijumaa nikitoka msikitini naenda kutafuta fundi." Safari hii sikubisha.

Ijumaa mchana nilitangulia kwenye ploti. Nikiwa bado njiani niliona moshi ukitoka ndani ya kuta zetu. Nilishika jiwe, nikaingia polepole.

Mwanamke nisiyemjua alikuwa amechutama mbele ya moto, anachemsha chai. Watoto walikuwa wamelala juu ya turubai letu. Fundi alikuwa ameegemea ukuta, mkono wake wa kulia umefungwa kitambaa.

"Mama, nisamehe," alisema. "Sikuwa na mahali pengine pa kuwaleta."

Niliangusha jiwe. Nilitaka kulia na nilitaka kumfokea, yote mara moja. Mkewe alinitazama, akatazama lile jiwe, kisha akanimiminia chai. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na Kiturkana mimi sijui. Nilipokea, nikakaa.

Ndipo mume wangu akaingia na fundi mpya nyuma yake.

Fundi wetu alijaribu kuinuka, akashindwa. Fundi mpya alianza kurudi nyuma, anasema yeye hataki kesi ya mtu. Nilimtazama mume wangu usoni, sikuweza kujua atasema nini.

Aliuliza, "Watoto wote wako hapa?"

"Wako. Mbuzi ndio hakuna."

"Mbuzi wacha." Akamgeukia yule fundi mpya. "Kazi iko, fundi. Lakini huyu ndiye anajua nyumba. Yeye atasema, wewe utapiga misumari."

Hivyo ndivyo paa lilivyopanda, mmoja juu na mwingine chini akielekeza kwa mkono wa kushoto, na mara nyingine wakitukanana. Mwezi ulipoisha vyumba viwili tu ndivyo vilikuwa vimeezekwa. Tulihamia hivyo hivyo, sisi chumba kimoja, fundi na watu wake kingine, mapazia mahali pa milango. Tulibanana, tukanuniana kwa ajili ya maji, na watoto wao na wetu wakaanza kuchanganya lugha.

Fundi na familia yake waliondoka mvua zilipokwisha, mkono wake ulipopona na akapata chumba cha kupanga mjini. Nilifagia pale walipokuwa wanalala, nikatandika vitanda vya watoto wangu. Lakini siku kadhaa walikataa kulala humo. Walisema chumba kile kina wenyewe.