Penalti ya Mzee Mbaabu

Ukimuuliza mzee yeyote wa Kinoru, kule Meru, habari za Mbaabu, hatakwambia alikuwa mwalimu. Atakwambia alikuwa refa. Hesabu alifundisha miaka na miaka, sawa, lakini Jumamosi akivaa kaptura nyeusi na kuingia uwanjani na filimbi, hapo ndipo alipokuwa Mbaabu mwenyewe. Akisema penalti, ni penalti. Wachezaji walimzonga, mashabiki wakamtukania mama yake, naye akasimama vilevile, mkono umenyooka. Washika vibendera wake walikuwa wanapunga hadi wanachoka. Hakuwahi kuwatazama.

Mtu mmoja tu aliweza kumgeuza, naye ni mkewe, Karwirwa. Hakubishana naye. Mbaabu akiamka na uamuzi wake wa moto, kwamba leo anauza ng'ombe au anamshtaki jirani kwa chifu, Karwirwa alimwekea chai mbele yake na kumwambia, "Haya. Kunywa kwanza." Chai ikiisha, ng'ombe alikuwa bado zizini na jirani bado ni jirani. Mbaabu hakukiri hata siku moja kwamba amebadili nia.

Karwirwa alifariki mwaka wa 2009. Baada yake, presha ya macho ikaanza kumla Mbaabu polepole. Kwanza gazeti likawa ukungu, kisha Biblia, kisha nyuso za watu kanisani. Aliwahi kuiamkia nguzo ya lango la kanisa la Methodisti akidhani ni mchungaji, na watu wakacheka, na yeye akacheka, kisha akaenda nyumbani na kukaa gizani hadi jioni bila kula. Halafu Krismasi moja akawasikia wanawe, Mwendwa na Kagure, wakinong'onezana jikoni ni nani atakayemchukua baba. Walikuwa wanampenda, ndiyo maana walinong'ona. Yeye alisikia neno moja tu: mzigo.

Wiki chache baadaye aliamua kujiua. Aliamua kama alivyozoea kutoa penalti, hapohapo, bila kutazama pembeni, na hakukuwa na mtu wa kumwekea chai. Ajabu ni kwamba moyo wake ulitulia. Alipanga mambo yake. Alimpa kinyozi wa sokoni redio, na jembe lake zuri akampelekea Njeru wa kwaya. Watu walishukuru, wakasema mzee siku hizi ana roho nzuri.

Akabaki Ciakuthii, jirani yake, mjane. Kwa watu wa kule kiazi kikuu ni zao la mwanamume. Yeye ndiye hukipanda na ndiye hukichimba, na mwanamke aliyefiwa na mume humwomba jirani. Tangu mumewe, Baba Thuranira, afariki, Mbaabu ndiye aliyekuwa akimchimbia Ciakuthii. Asubuhi hiyo alipiga magoti chini ya mti ambao mmea wa kiazi ulikuwa umeukwea, akachimba kwa kupapasa, akampelekea kiazi kizuri cha mwisho. Hakumwambia kwamba ni cha kuaga. Akarudi kwake, akaketi kibarazani.

Udongo haujakauka mikononi mwake, akasikia viatu vya Ciakuthii uani.

"Mwalimu, hiki ni nini?"

"Kiazi, Mama Thuranira. Ama na wewe macho yamekuwa mabaya?"

"Kimekuja na kichwa."

Kila mtoto wa kiume wa Meru hufundishwa na baba yake: unachimba kwa ubavuni, unakata unachokula, na kichwa kinachoshika shina unakiacha ardhini, unakifukia. Mmea hukaa hivyo miaka, ukitoa tena na tena. Kung'oa kichwa ni kuua mmea wote. Mbaabu hakukumbuka kuking'oa. Mikono yake ilifanya kazi ya mtu asiyengoja msimu mwingine.

Ciakuthii aliketi karibu naye. "Redio umempa kinyozi. Jembe limeenda kwa Njeru. Sasa hiki." Kisha akauliza wazi. "Baba Mwendwa, unataka kujiua?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Mbaabu alifungua mdomo amkaripie, na badala ya karipio kikatoka kilio, kilio cha aibu na uchovu, mzee mzima. "Ndiyo," akasema. "Nimeshaamua."

"Umeamua na nani?"

"Na mimi mwenyewe."

"Aii! Refa gani huyo? Mimi nimekuwa hapa pembeni napunga, hata hutazami!" Alikuwa anamgombeza huku analia. Kisha akapangusa uso kwa leso. "Usiniahidi ya milele. Leo tu hufanyi kitu. Na hiki kiazi nitakifanya nini? Ni wewe uliyeniambia mkono wa mwanamke haukipandi kikashika. Amka ukirudishe, mimi niweke chai."

Mbaabu akakirudisha kichwa ardhini kwa kupapasa. Ciakuthii hakumwacha peke yake. Alimpigia Mwendwa simu, naye akafika alasiri, akamkumbatia baba yake. Walimuuliza amekusudia nini na kwa kitu gani, wakakiondoa kitu hicho nyumbani. Kesho yake wakaenda hospitali ya mjini. Nesi mmoja alimweleza kwamba huzuni ya namna ile ni ugonjwa, nao humfanya mtu aone mlango mmoja tu kwenye nyumba yenye milango mingi. Akapewa dawa, akapangiwa siku za kurudi kuzungumza. Kuhusu kuhama, kwa mara ya kwanza watoto walimuuliza yeye. Alitaka kubaki, na Kagure akamtafutia mtu wa kupika na kumsomea gazeti.

Macho hayakurudi. Zipo asubuhi ambazo uamuzi ule hubisha hodi tena, naye huchukua fimbo, akafuata ua hadi kwa Ciakuthii, akasema, "Leo ni vibaya." Chai inawekwa.

Kichwa kile kilishika. Mvua zilikuja na kwenda, shina likapanda mti, majani yakanyauka, na siku ya kuchimba ikafika. Mbaabu alipiga magoti, akachimba kwa ubavuni, akakata. Kisha akafanya jambo ambalo uwanja mzima wa Kinoru haukuwahi kuliona. Aligeuza uso pembeni.

"Mama Thuranira, unaonaje? Niko sawa?"

Ciakuthii, ambaye maisha yake yote hakuwa ameingiza mkono kwenye shimo la kiazi, aliinama akauingiza. Akapapasa hadi akakigusa kichwa, kigumu, kimeshika udongo.

"Kipo," akasema. "Fukia."

Mbaabu akafukia.